Mvua ya Kibumba na ukuta wa Ziwa Kivu ambao mpiga-mbizi hawezi kuufikia

Kibumba inajulikana kwa shu. Anayetoka Goma kuelekea Rutshuru, baada ya kilomita zaidi ya 20 katika teritware ya Nyiragongo, anakutana na magunia yaliyopangwa kando ya barabara: shu, viazi, karoti, vitunguu vya majani. Chikudu zinashuka zimeelemewa, malori yanapakia, wamama wanapatana bei. Udongo mweusi wa volkano unalisha Goma yote, na mvua hainyimi: kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano inaweza kunyesha karibu kila siku.

Lakini ukitafuta mto Kibumba, hauuoni. Mvua kubwa ya usiku, inayogonga mabati kama mawe, asubuhi haijaacha hata kijito. Maji yameingia kwenye nyufa za lava na kutoweka. Wakaaji wanakinga ya paa katika bidoni, katika pipa, katika chochote kilicho na mdomo, na kiangazi kinapofika, kati ya mwezi wa sita na wa nane, bidoni moja ya lita 20 inaanza kuhesabiwa kama mali. Watoto wanajua njia ya maji kuliko njia ya masomo.

Maji hayo hayakupotea. Lava ya Nyiragongo na ya volkano jirani imejaa mashimo na nyufa kama sponji. Mvua inapita ndani yake bila kusimama, inashuka taratibu chini ya mashamba, chini ya barabara, chini ya nyumba za watu. Kibumba iko karibu na mgongo unaogawanya maji: yanayoshika njia ya kaskazini yanakwenda upande wa Rutshuru na Ziwa Edward, hivyo mwishoni ni maji ya Nile. Yanayoshika njia ya kusini yanashuka chini ya miteremko ya Nyiragongo mpaka Ziwa Kivu. Na mengine kati ya haya hayatokei ufukoni. Yanaingia ziwani kupitia chemchemi zilizofichama kwenye mteremko wa mawe, mamia ya mita chini ya mawimbi.

Mteremko huo ni ukuta. Ungekuwa mahali pengine duniani, watu wangelipa tiketi ya ndege kwenda kuuona.

Wanaozamia kwa chupa za hewa wanapenda kuta za chini ya maji kupita kitu chochote. Kwenye kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania, wageni wanafika kila mwaka kwa ajili ya mahali kama Reqqa Point: jabali linaloanza karibu na uso wa maji na kushuka wima mpaka mwanga unapokwisha. Malta haina mto wa kudumu wala ziwa, kwa hiyo hakuna tope linaloingia baharini, na mpiga-mbizi anaona mbali sana mbele yake. Anaelea kando ya ukuta kama ndege kando ya jengo refu. Kifaa kinachomruhusu kufanya hivyo si cha zamani: Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walikitengeneza mwaka wa 1943, vita vikiendelea, na kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kupumua chini ya maji bila bomba la kumfunga na mashua.

Ukuta wa Goma ni wa aina nyingine. Ziwa Kivu liko kwenye mita karibu 1,460 juu ya bahari, na kina chake kikubwa, katika bonde la kaskazini, kinafika mita 485. Kuna kilomita chache tu kati ya mawe wanapofulia watu wa Goma na vilindi hivyo. Wakaaji wa ufukoni wanajua jambo hilo bila kipimo chochote: hatua chache ndani ya maji, mguu unakosa pa kukanyaga.

Mtu akizama hapo na chupa mgongoni, mita za kwanza zitamfurahisha. Maji yana joto la karibu nyuzi 23 au 24, siyo ya kutetemesha. Mamba hawamo. Mawe ni lava nyeusi, mengine yamepakwa ganda jeupe la chokaa ambalo maji ya Kivu yanaliacha juu yake. Kuna kaa wa maji baridi, kuna samaki wadogo wanaokula kati ya mawe. Sambaza wenyewe hawakai ukutani. Wanakwenda kwa makundi katika maji ya wazi, na usiku wanapanda kufuata taa za wavuvi. Hata hao ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na samaki wa aina chache mno.

Mahali pengine atakuta lava isiyo ya zamani hata kidogo. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilipasuka, moto ukakata mji katikati na kuingia ziwani. Karibu mita za ujazo milioni 1 za lava zilimwagika majini. Mawe yale ni madogo kwa umri kuliko vijana wengi wanaoendesha pikipiki za Goma leo.

Shida inaanza na hesabu. Kila mita 10 za maji zinaongeza uzito unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Chini ya uzito huo, naitrojeni ya hewa anayopumua mpiga-mbizi inayeyuka ndani ya damu na nyama yake. Akipanda haraka, inatoka kwa povu. Mtu yeyote aliyefungua chupa ya Primus iliyotikiswa ameshaona jambo lenyewe: gesi ilikuwa ndani muda wote, imetulia, haionekani, mpaka kizibo kilipotoka. Katika mwili wa mtu povu hilo linaziba mishipa, linauma viungo, linaweza kulemaza au kuua.

Jedwali za kupanda taratibu zinazotumiwa Malta zilitengenezwa kwa bahari. Zinafaa mpaka mita kama 300 za mwinuko, si zaidi. Goma, hewa yenyewe ni nyepesi, kizibo kimelegea tangu mwanzo. Mtu aliyeshuka mita 30 mbele ya Goma anapaswa kupanda kana kwamba alishuka karibu mita 35 baharini. Tena asithubutu, siku hiyohiyo, kupanda gari kwenda kununua shu Kibumba. Barabara inapanda mita mia kadhaa juu ya ziwa, hewa inazidi kuwa nyepesi, na povu ambalo lilitulia ufukoni linaweza kuanza njiani, pale Kanyaruchinya au mbele kidogo. Safari ambayo muuza viazi anaifanya kila siku bila kufikiri inaweza kumpeleka mpiga-mbizi hospitali.

Kupita mita 30 au 40, naitrojeni inalevya kama pombe; mtu anaanza kucheka ovyo, anasahau kutazama saa yake. Na kwenye mita karibu 60 ukuta wa Kivu unabadilika kabisa. Hapo oksijeni iliyoyeyuka majini inakwisha. Samaki hakuna, kaa hakuna, kiumbe chochote kinachohitaji kupumua hakuna. Katika Bahari ya Mediterania uhai unaendelea kushuka mpaka gizani. Kivu ina mstari, na chini ya mstari huo ni vijidudu visivyohitaji oksijeni tu. Kwenye ghuba ya Kabuno, upande wa magharibi kuelekea Sake, mambo ni mabaya zaidi: maji yaliyojaa gesi ya kaboni yanaanza kwenye mita 12 hivi, kina ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza angekifikia. Ni gesi ileile ambayo watu wa hapa wanaiita mazuku inapotoka ardhini na kulala mabondeni, ile inayoua mbuzi na watoto bila kelele.

Chemchemi za volkano ziko chini zaidi ya hapo, nyingi kwenye kina kinachopita mita 100, na zile kubwa za maji ya moto na chumvi ziko karibu na mita 250. Je, mwanadamu anaweza kufika huko na chupa mgongoni? Wapo waliofika kina kama hicho mahali pengine. Huko Afrika ya Kusini kuna shimo la maji linaloitwa Boesmansgat, katika mwinuko unaokaribia ule wa Goma. Mwaka wa 1996 Nuno Gomes alishuka humo mpaka mita 282, akipumua mchanganyiko wenye heliamu. Kushuka kulikuwa kwa dakika tu. Kupanda kulimdai sehemu kubwa ya siku, akisimama kina baada ya kina ili gesi itoke mwilini bila povu. Mwezi wa kwanza 2005 David Shaw, raia wa Australia, alikufa katika shimo hilohilo, kwenye mita karibu 270, akijaribu kurudisha maiti ya kijana aliyepotea humo miaka 10 mbele yake. Na Boesmansgat ina maji matupu, haina gesi ya Kivu.

Kwa hiyo ukuta wa Goma umeonwa kwa njia ya kipofu: kwa kupapasa. Mbelgiji Hubert Damas alishusha vyombo vyake mwaka wa 1935 na kukuta kitu cha ajabu, kwamba maji ya chini yana joto kuliko ya juu na yamejaa gesi. Katika maziwa mengi ni kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuja watafiti wa Woods Hole kutoka Marekani, na ndani ya miaka hiyo hiyo Mjerumani Klaus Tietze akapima gesi kwa uangalifu mkubwa. Baadaye Waswisi walishusha kutoka mashuani, kwa waya mrefu, vipimo vya joto na chumvi, mahali baada ya mahali kwenye upande wa kaskazini. Wengine wakatumia sauti: mashua inapiga mlio, mlio unagonga chini na kurudi, na kompyuta inachora. Michoro hiyo ilionyesha vilima vya volkano vilivyolala chini ya maji, na kingo za ziwa la kale, la wakati ambapo Kivu ilikuwa chini sana kuliko leo, kabla haijajaa na kuanza kumwagika kusini kwa njia ya Ruzizi.

Chemchemi zilijionyesha kwenye waya. Kipimo kinashuka, joto linabadilika kidogo kidogo, halafu ghafla linaruka. Hapo kuna maji yanayoingia kutoka ndani ya jabali. Za juu zinaleta maji baridi zaidi, yenye chumvi kidogo: hayo ndiyo yaliyo na mvua ya miteremko. Za chini zinaleta maji ya moto, mazito kwa chumvi na gesi.

Chemchemi hizi si pambo la ziwa, kwa maana ndizo zinazolipanga kwa tabaka. Maji mazito yanakaa chini, mepesi yanakaa juu, na kati yake kuna ngazi, kubwa kuliko zote ikiwa kwenye mita karibu 260. Chini ya ngazi hiyo zimefungiwa karibu kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za metani, kama zingepimwa juu ya ardhi. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu. Yanakaa huko karne nyingi. Mvua inayoshuka kwenye lava ni sehemu ya kizibo hicho.

Watu wa Goma wanajua hofu iliyo nyuma ya hesabu hizo. Tarehe 21 mwezi wa nane 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana mbele ya Kivu, lilitapika gesi ya kaboni usiku na kuua watu karibu 1,700. Miaka 35 baadaye, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipasuka tena. Lava ilisimama Buhene, kwenye mlango wa mji, lakini ilikata barabara ya Kibumba na kuharibu tangi kubwa la maji. Halafu ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku, moto wa chini ukipenya chini ya mji na chini ya ziwa lenyewe. Tarehe 27 serikali iliamuru kartye 10 za Goma zihame. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia kwenda Sake, Minova, Bukavu, Rwanda, wengine wakipanda kwenda Rutshuru. Ziwa halikupasuka. Vipimo vilivyofanywa miaka michache mbele ya hapo vilikuwa vimeonyesha kwamba gesi iko karibu nusu ya kiwango ambacho kingeifanya itoke yenyewe, na kwamba haijaongezeka kwa wazi tangu siku za Tietze. Hizo ni habari njema ambazo zilipaswa kufika sokoni mapema, kwa Kiswahili. Hazikufika. Watu walikimbia wakiwa na uvumi tu mkononi.

Kuna deni lingine ambalo ukuta huu unawadai watu wa Goma. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, mita mia kadhaa tu na nchi kavu, machoni pa watu waliokuwa wakiingojea. Makumi ya abiria walikufa. Ndugu walikaa ufukoni wakitazama maji yaliyotulia kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyesimama pale alielewa kwa nini jiji la kando ya ziwa linahitaji wapiga-mbizi, hata wachache, hata wa mita 30 tu, wenye vyombo na mazoezi ya mwinuko huu. Kuogelea hodari hakutoshi. Na alielewa pia kwa nini hata hao wangekuwa na mipaka, kwa sababu chini ya Goma mteremko haumngojei mtu.

Kibumba ina kumbukumbu yake ya maji, nayo ni nzito. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda walijaa hapo kwa makumi ya maelfu, kisha zaidi, juu ya mawe yasiyo na chemchemi hata moja. Hakuna aliyeweza kuchimba choo katika lava ile, wala kisima. Kolera ikaingia. Katika makambi ya kandokando ya Goma, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Dawa iliyohitajika zaidi ilikuwa maji, nayo ilivutwa kutoka Ziwa Kivu, ikasafishwa, ikapandishwa kwa malori ya tangi kwenye barabara ileile ya shu. Mwisho wa 2022 vita vilipofika Kibumba, ni wakaaji wenyewe walioshuka na magodoro kichwani mpaka Kanyaruchinya. Wakapanga vibanda vyao juu ya lava ya 2021, na kabla mwaka haujaisha kolera ikawafuata huko.

Hesabu ya kupandisha maji si siri. Mita ya ujazo moja ni bidoni 50. Kuipandisha mita 100 juu kunadai umeme unaopita kidogo robo ya kilowati-saa, bila kuhesabu hasara za pampu na mabomba. Mara mia kadhaa za mwinuko kati ya ziwa na Kibumba, bado haifiki bei ya muujiza. Malta, isiyo na mto kama Kibumba, inakunywa kwa sehemu kubwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mashine, na mashine hizo zinakula umeme mwingi kuliko pampu ya kupanda mlima. Kivu yenyewe ina umeme tumboni: Gisenyi, kiwanda cha bia kilichoma metani ya ziwa tangu miaka ya 1960, na huko Karongi mtambo wa KivuWatt unavuta maji ya mita karibu 350, unatoa gesi, na unazalisha megawati 26. Upande wa Kongo, mwezi wa saba 2022, Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vitatu vya gesi, Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Metani ni ya nchi zote mbili, na iko palepale ilipokuwa.

Kazi yoyote ya kuvuta gesi hiyo inabidi ichunge ngazi za ziwa, irudishe maji mazito kwenye kina chake, isitoboe kizibo. Wahandisi wanajua hivyo. Wasichotaja mara nyingi ni upande wa juu wa hesabu, miteremko ambako kizibo kinapata sehemu ya maji yake, na watu wanaolala hapo bila bomba.

Wakati huo, Kibumba, mawingu yanakusanyika juu ya Mikeno kuelekea jioni. Wamama wanageuza mabeseni, wanasogeza bidoni chini ya ncha za mabati, wanaweka jiwe juu ya pipa lisibebwe na upepo. Mvua inaanza. Inayoanguka juu ya paa itakunywewa kesho. Inayoanguka kati ya nyumba inaingia kwenye lava mara moja, na ile inayoshika njia ya kusini ina safari ndefu mbele yake kabla ya kutokea ukutani, gizani, mahali ambapo hakuna taa ya mpiga-mbizi iliyowahi kufika.